Mche wa beri "Shawnee" mjini Bukavu: kabla hujatoa pesa

Mche huja katika kifuko cheusi cha plastiki, urefu wa shubiri mbili, miiba yake tayari inachoma, na juu yake kibandiko cha mzee mwenye taji la manyoya: "tunda la dawa la Wahindi Wekundu wa Shawnee". Kama unaishi Ibanda au Kadutu na unatafuta beri nyeusi za kula nyumbani, zile ambazo kwa Kifaransa ni mûres, uache. Kama shamba lako liko juu Kabare au Walungu na mikono yako haiogopi miiba, unaweza kuujaribu, lakini kwa masharti.

Kibandiko kwanza, maana ndicho kinachopandisha bei. Aina hii ilizalishwa na Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1985. Watafiti wa hapo walizoea kuzipa beri zao majina ya mataifa ya wenyeji wa nchi ile: Comanche na Cherokee mwaka 1974, Cheyenne mwaka 1977, kisha Shawnee, na baadaye Choctaw, Navaho na Kiowa. Wabrazili nao wana Tupy, Guarani na Xavante. Kwa hiyo jina ni la heshima tu, wala si ushahidi kwamba Washawnee waliitumia kama dawa.

Hata picha imekosewa. Lile taji refu la manyoya ni la mataifa ya mbuga za magharibi, kama Walakota. Washawnee ni watu wa bonde la mto Ohio, na katika karne ya 18 na ya 19 wanaume wao walikuwa wakijifunga vilemba vya kitambaa. Tecumseh, kiongozi wao mashuhuri, aliuawa vitani Kanada tarehe 5 Oktoba 1813. Baadaye walisukumwa magharibi hatua kwa hatua, na leo serikali zao tatu zinazotambuliwa ziko Oklahoma. Lugha yao, ya jamii moja na Kikickapoo, imebaki na wazungumzaji wachache sana, ndiyo maana mojawapo ya serikali hizo imeutenga muongo wa 2021 hadi 2030 kuwa wa lugha hiyo. Anayetaka mimea iliyopewa jina lao na watu wa kawaida, si na maabara, atazame kwingine. Kuna Hydrophyllum virginianum, mboga ya msituni ambayo majani yake machanga huliwa, na Marekani huitwa saladi ya Shawnee. Kuna pia Catalpa speciosa, mti wa Shawnee, ndugu wa jakaranda, wenye majani mapana kama moyo na mbao nyepesi zisizooza upesi, zinazofaa nguzo za ua.

Sasa mmea wenyewe. Kule kwao Shawnee ni beri nzuri: matunda makubwa, meusi ya kung'aa, mavuno mengi, na fito zinasimama zenyewe bila kuegemezwa. Shida yake kwetu ni baridi. Fito huota mwaka wa kwanza bila kuzaa, zinalala wakati wa kipupwe, halafu huchanua mwaka wa pili. Ili machipukizi yaamke vizuri yanahitaji mamia ya saa chini ya nyuzi 7, na usiku wa Bukavu, hata Julai, haufiki huko. Matokeo yake ni ufito mrefu, mtupu katikati, wenye maua machache kwenye ncha, yanayofunguka moja leo na jingine baada ya wiki mbili. Muuzaji atakwambia ongeza mbolea. Usiongeze: naitrojeni iliyo ndani yake itakupa majani na miiba zaidi, si matunda.

Njia ya kuudanganya mmea ipo. Wakulima wa Michoacán, Meksiko, wanaitumia kwenye Tupy: wanaangusha majani yote kwa dawa ili mmea udhani kipupwe kimepita. Kwa mistari miwili ya nyumbani mikono yenye glavu nene inatosha. Panda Septemba mvua zinapoanza, sentimita 80 kati ya mche na mche na mita 2.5 hadi 3 kati ya mistari. Usibane mistari kwa tamaa ya nafasi, maana mizizi hutoa machipukizi na baada ya muda hutapata pa kupita. Udongo uwe na pH, yaani kipimo cha uchachu, kati ya 5.5 na 6.5 na usituamishe maji. Penye mfinyanzi mzito, inua tuta la sentimita 25. Ufito ukifika mita moja, kata ncha yake sentimita 5 hivi ili utoe matawi ya pembeni. Katikati ya Aprili ya mwaka unaofuata, vua majani yote, fupisha matawi ya pembeni yabaki sentimita 35, kisha usubiri. Hesabu karibu miezi mitatu hadi tunda kuiva, yaani Julai, wakati wa kiangazi. Ukivua majani Julai, beri zitaiva katika mvua na ukungu wa kijivu utazila kabla yako. Ufito uliokwisha kuzaa hauzai tena. Ukate kwa sekateri chini kabisa, uuchome.

Hata ukifanya haya yote, usitegemee mavuno ya Arkansas. Kabare panasaidia kidogo kwa sababu ubaridi wa huko hupunguza mbio za majani, lakini hapatoshelezi.

Kasoro ya pili ni ulaini. Shawnee haisafiri. Ikichumwa asubuhi na kupakiwa kwenye ndoo, itafika soko la Kadutu ikiwa juisi. Chuma tunda likiwa jeusi kabisa na mng'ao wake umeanza kufifia, weka kwenye visanduku vya gramu 125, tabaka moja au mawili, bila kuosha. Kwenye friji zinakaa siku mbili tatu, nje hazilali. Kwa konfitiri ni nzuri kuliko zile ngumu: gramu 700 za sukari kwa kilo moja ya beri, na maji ya limau moja.

Kasoro ya tatu ni ugonjwa unaoitwa roseti, unaoletwa na kuvu na kuenea kusini-mashariki mwa Marekani. Machipukizi ya mwaka wa pili hutoka kwa kishada kama ufagio mdogo, maua huwa na petali zilizojikunja na hayatoi tunda. Shawnee inaupata kwa urahisi. Basi mche ulioletwa kutoka nje bila cheti cha karantini ya mimea usiuguse, hata ukipewa bure. Milima yetu ina beri zake za porini, na ugonjwa ukizifikia hakuna atakayeweza kuzipogoa zote.

Tahadhari kwa wanaoagiza kwa simu: pakiti ya mbegu za beri "Shawnee" si Shawnee. Beri hizi hazirudi sawasawa kwa mbegu. Huzalishwa kwa vipande vya mizizi, unene wa kalamu, urefu wa sentimita 10 hadi 15, vinavyofukiwa sentimita 5. Pia ipo nafaka ya ngano yenye jina hilo, na nyasi ya malisho, Panicum virgatum, iliyotolewa mwaka 1995, ambayo kwetu pia haifai: siku zetu ni fupi kwake, huchanua mapema na kubaki kibeti. Andika Rubus, jina la kisayansi la jamii ya beri hizi, kwenye oda yako.

Kama pesa iko mkononi na unataka beri za mjini, muulize mwenye pepinieri kama ana Tupy, au zile aina mpya za Arkansas zinazozaa kwenye ufito wa mwaka wa kwanza, kama Prime-Ark 45. Tupy utaivua majani kama nilivyoeleza, na hizi za mwaka wa kwanza hazisubiri baridi. Akikujibu kwamba zote ni sawa, nenda kwa mwingine.