TAHADHARI: "Alaimenti ya nyuma" kwa Surf na Prado hapa Dodoma, nimeuziwa chuma changu mwenyewe

Wana Dodoma wenye magari yenye difu la kipande kimoja nyuma (tairi mbili za nyuma zimeshikwa na ekseli moja ngumu), yaani Surf, Prado, Jimny na ndugu zao, someni hii kabla hamjapeleka gari alaimenti, yaani kunyooshwa pembe za tairi. Nimeliwa laki saba na arobaini. Kati ya hizo, laki tatu na themanini nilinunua chuma kilichofunguliwa kwenye gari langu mwenyewe.

Jina la gereji siandiki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na mimi nina watoto wa kulea. Nitaeleza mchezo wenyewe, ukiukuta popote utautambua.

Nanunua alizeti vijijini, Chemba na Kondoa. Kabla ya mvua za Desemba nilimwambia fundi wa mtaani aniinulie Surf, makorongo ya kule mnayajua. Akaweka spesa kwenye springi, gari likapanda inchi mbili, na mimi kwa tamaa nikaongeza tairi pana, 285. Tangu siku hiyo tairi la nyuma kushoto likawa linasugua. Nikipakia magunia matatu nikapita tuta, nasikia krrrr. Nilipoinama kukagua, ukingo wa madigadi kwa ndani ulikuwa umeng'aa kama sufuria iliyosuguliwa na mchanga, na ubavu wa tairi una mstari mzima wa kuzunguka.

Kwa akili zangu, tairi likisugua basi alaimenti imehama. Nikaenda gereji yenye kompyuta. Pazuri, sakafu ya vigae, unakaribishwa na soda. Kijana mwenye ovaroli safi akaniambia, "Dada, alaimenti ya nyuma imekimbia, tunairudisha sasa hivi." Elfu themanini, mbele na nyuma. Baada ya saa moja nikapewa karatasi ya vipimo, kila namba ya kijani, yaani iko sawa. Nikatoka nimefurahi mpaka tuta la kwanza pale Kisasa. Krrrr.

Nikarudi. Safari hii wakasema ekseli imepinda, itanyooshwa. Laki mbili na ishirini, gari likalala kwao siku nzima. Likatoka, likasugua vilevile. Mara ya tatu akaja mkubwa wao mwenyewe: "Dada yangu, gari ukiinua lazima uweke rodi ya kuadjasti. Ninayo moja, ya Australia, nilimwekea mteja hajaja." Laki tatu na themanini, ufundi elfu sitini. Na hapo ndipo waliponimaliza, maana kusugua kulipungua kweli! Nilimshukuru. Nilimwachia na hela ya chai.

Wiki iliyofuata nikiwa njiani kwenda Kondoa, nyuma kukaanza kugonga, ko, ko, ko, kila nikikata kona. Nikaingia kwa fundi mmoja mzee anayefanyia kazi chini ya mti. Nikamwamkia, akaitika, akalala chini ya gari na hakuamka kwa muda. Kisha akaniita, "Mwanangu, njoo ulale hapa uone."

Nikalala na gauni langu. Akachukua bisibisi akakwaruza rangi nyeusi ya ile rodi. Rangi ikabanduka kama ganda la karanga, chini yake kuna pete mbili za kuchomelea: chuma kimekatwa katikati, kimepachikwa kipande, kikaunganishwa. Pete moja ilishakuwa na ufa mwembamba wenye kutu ndani yake. Sentimita chache pembeni nikaona bonde dogo nililokuwa nalijua. Mwaka juzi jiwe la korongoni lilinipiga pale, na fundi wangu alinionyesha siku hiyohiyo.

"Hii rodi umeiweka lini?"

"Wiki iliyopita mzee. Ya Australia."

Mzee akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaniambia chuma hicho kikikatika nikiwa mwendo wa themanini, nyuma ya gari itataka kutangulia mbele.

Sasa nieleze alivyonieleza yeye, maana wizi wote umejificha kwenye jambo hili. Surf imekalia springi zilizo juu ya difu, na springi haziwezi kulizuia difu lisiende kulia au kushoto. Kazi hiyo ni ya rodi moja iliyolala upande kwa upande: mwisho mmoja umefungwa kwenye chesesi, mwingine kwenye ekseli. Urefu wake haubadiliki. Ukiinua gari, mwisho wa chesesi unapanda, rodi inakaa mshazari zaidi, na upana inaoushika unapungua. Shika rula mkononi uielekeze ukutani, kisha uinamishe, utaona ncha inavyoondoka ukutani. Basi difu zima linavutwa kuelekea upande ambao rodi imefungwa kwenye chesesi. Kwa inchi mbili ni milimita chache tu, lakini tairi pana hazina nafasi ya milimita chache. Upande mmoja tairi linatokeza nje kwenye madigadi, upande wa pili linaingia ndani.

Hili mashine ya alaimenti hailirekebishi. Inapima pembe: tairi limeinama kiasi gani, linatazama ndani au nje, ekseli imekaa mshazari au la. Difu likihama lote kwa milimita tisa kwenda kushoto huku limenyooka, pembe zote zinabaki sawa na karatasi inatoka ya kijani kihalali kabisa. Na kwenye difu la kipande kimoja hakuna bolti ya kurekebisha pembe hizo nyuma. Kinachorekebishwa ni mbele tu. Anayekutoza "alaimenti ya nyuma" kwa Surf muulize anafungua nati ipi, akuonyeshe kwa kidole.

Nilivyofika nyumbani nikaitoa ile karatasi yangu ya kijani nikaisoma vizuri kwa mara ya kwanza. Namba za tairi za nyuma "kabla" na "baada" zilikuwa tofauti. Zimebadilikaje wakati hakuna cha kubadilisha? Halafu nikaangalia juu, sehemu ya aina ya gari. Imeandikwa RAV4! RAV4 kila tairi la nyuma linajitegemea, ndiyo maana ina namba za kurekebishwa nyuma. Sijui ni karatasi ya mteja gani, lakini ya gari langu haikuwa.

Yule mzee hakuwa na kompyuta. Alisimamisha gari mahali tambarare, akafunga nati kwenye uzi, akauning'iniza kutoka ukingo wa madigadi ukapita mbele ya katikati ya tairi, akapima kutoka kwenye uzi mpaka ubavu wa tairi. Kushoto milimita 18, kulia 26. Tofauti ni nane, gawa kwa mbili: difu bado limehamia kushoto milimita nne, hata baada ya rodi ile ya kuungaunga. Kwa kuwa madigadi ya gari la zamani yanaweza kuwa yamegongwa, akaingia chini akapima tena kutoka chesesi mpaka ukingo wa ndani wa ringi, pande zote mbili. Hiyo unaweza kufanya mwenyewe nyumbani na mtoto wa darasa la sita akikushikia tepu.

Alikuwa na Surf bovu limeegeshwa uani, akatoa rodi yake ya asili akanifungia nirudi nayo. Elfu hamsini. Likaanza kusugua tena, sikulalamika.

Rodi halisi ya kuadjasti niliagiza Dar ikaja kwa basi, laki tatu na ishirini, yaani nafuu kuliko ile ya bandia. Tofauti unaiona kwa macho: ina nyuzi za kuzungusha na nati za kulok, na ukiizungusha inarefuka au kufupika. Ile waliyonifungia haikuwa na nyuzi popote. Unaadjasti nini kwenye chuma kilichochomelewa? Nilikuwa nimesimama pale pale na sikuuliza.

Kwenye kufunga, jeki iwekwe chini ya difu au gari likae kwenye tairi zake, lisining'inizwe kwa chesesi. Likining'inia, difu linashuka na vipimo vyote vinakuwa vya uongo. Bolti za bushi (zile raba za kwenye ncha za rodi) zinakazwa mwisho kabisa, uzito wote ukiwa chini, la sivyo bushi inakaa imejisokota na inaisha upesi. Gari langu sasa ni 22 na 22. Nilirudia kukaza baada ya safari ya kwanza. Na kama bushi za zamani zimekwisha zibadilisheni kwanza, kwa sababu bushi iliyolegea inasuguza tairi kwenye kona hata kama gari halijainuliwa.

Wenye Hilux na pikapu nyingine za springi za bapa, ninyi hamna rodi hii. Kwenu angalieni sentabolti (bolti ya katikati ya springi) iliyokatika na yuboliti (zinazofunga ekseli kwenye springi) zilizolegea. Ekseli ikienda mshazari, usukani unakaa upande huku gari linanyooka, na kwenye mchanga alama za tairi za nyuma hazifuati za mbele. Ukiambiwa uweke spesa ya ringi upande mmoja tu, au ukingo wa madigadi ukatwe kwa grainda, chukua funguo zako.

Risiti nayo. Walinipa ya kuandika kwa mkono. Nilipoomba ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wakasema niongeze asilimia 18, nami nikajiona mjanja kuokoa hela. Kumbe nilijinyima ushahidi, na kisheria asiyedai risiti naye ana kosa. Kifaa cha zamani kikifunguliwa, ondoka nacho. Mimi siku hizi kabla ya kuacha gari napaka tone la rangi ya kucha kwenye kila wanachosema watabadilisha, mahali wasipopaona. Mafundi wananicheka.

Nilirudi pale na rodi ndani ya gunia. Mkubwa wao alipoiona hakubisha, akanipa laki mbili akasema tusichafuane. Iliyobaki hajalipa. RB ya polisi ninayo, na rodi ipo kwangu nyuma ya mlango wa stoo. Mwenye Surf anayetaka kuona bonde la jiwe na pete ya kuchomelea vikiwa jirani kwenye chuma kimoja cha Australia, karibu.