Programu ya kusahihisha rangi za video: ipi uchukue, ipi uiache

Matangazo ya programu za kuhariri video hujisifu kwa wingi wa vichujio. Vipuuze. Anayetaka kusawazisha rangi aulize mambo mawili tu: programu ina skopu, yaani grafu zinazopima rangi ya picha? Na inaruhusu kurekebisha vivuli, sehemu za kati na sehemu angavu kila moja peke yake? Bila hayo utakuwa unakisia, na jicho hudanganyika upesi: likikaa na picha ya manjano kwa muda, huizoea na kuiona nyeupe.

1. DaVinci Resolve, toleo la bure

Inaongoza, na si kwa ubure wake tu. Asili yake ni mtambo wa kusahihisha rangi za filamu. Uhariri uliongezwa baadaye. Kwenye ukurasa wa Color kuna gurudumu la Lift kwa vivuli, Gamma kwa sehemu za kati na Gain kwa sehemu angavu. Fungua paredi, skopu inayochora nyekundu, kijani na buluu bega kwa bega.

Tafuta kwenye klipu kitu kinachopaswa kuwa cheupe au cha kijivu, kama karatasi au ukuta. Sogeza Gain mpaka vilele vya rangi zote tatu vya kitu hicho vilingane. Nenda kwenye Lift, ulinganishe chini kabisa ya grafu palipo na weusi, kisha umalizie na Gamma. Kila gurudumu huvuruga kidogo kazi ya jingine, hivyo rudia mzunguko mara ya pili.

Baada ya hapo ndipo ukoleze. Kitelezi cha Saturation huanzia 50 na kikomo chake ni 100. Video nyingi hutosheka na 55 hadi 60. Ukikoleza kwanza, unaikoleza na ile kasoro: uso uliokuwa na ukijani kidogo unageuka wa mgonjwa. Pima kwa vektaskopu, skopu ya duara inayoonyesha aina ya rangi na ukolevu wake. Ngozi za watu, ya maji ya kunde kwa nyeupe, huangukia karibu na mstari mmoja kati ya nyekundu na manjano. Kinachotofautiana zaidi ni mwangaza na ukolevu.

Ubaya wake ni ulafi. Bila kadi nzuri ya michoro na RAM ya GB 16 hivi, itakwamakwama. Toleo la bure linaishia pikseli 3840 kwa 2160, fremu 60 kwa sekunde. Studio, inayolipiwa mara moja, inaongeza uondoaji wa chembechembe. Inunue kama unarekodi sana gizani, kwa sababu kuinua vivuli ndiko kunakoziibua.

2. Final Cut Pro

Kwa upande wa kompyuta, ni ya Mac pekee. Ina magurudumu, mikunjo (curves) ya kurekebishia rangi na skopu, na huenda kasi hata kwenye Mac ndogo. Leseni ya Mac inaweza kununuliwa mara moja. Usawazishaji wake wa kiotomatiki ni mwanzo mzuri, ila hupotoka pale fremu inapotawaliwa na rangi moja, kama majani.

3. Premiere Pro

Paneli yake ya rangi, Lumetri, haina upungufu wa maana: Saturation huanzia 100 na kwenda hadi 200, na Vibrance hukoleza zaidi rangi zilizofifia bila kuichoma ngozi. Iko ya tatu kwa sababu ya malipo yasiyokwisha. Ukiacha kulipa, huwezi kuendelea na miradi yako. Inalipa kwa anayetumia pia After Effects, programu ya madoido ya kampuni hiyohiyo ya Adobe, kila siku.

4. Shotcut na Kdenlive

Zote ni za bure, zina skopu na marekebisho ya ngazi tatu, na hazihitaji kompyuta ya nguvu kama Resolve. Unachopoteza ni wepesi wa kutenga eneo moja la picha.

5. CapCut ya simu

Vitelezi vipo, skopu hakuna. Kwa klipu moja ya haraka inafaa. Kulinganisha klipu kumi za kamera mbili ni kubahatisha.

Kabla ya kulipa popote, jaribu klipu yako mwenyewe, huku umezima hali ya usiku ya skrini. Anga likitoka na michirizi ukikoleza, tatizo huenda ni kamera: video ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, ya biti 10 ina 1024. Hakuna programu itakayorudisha ngazi ambazo hazikurekodiwa.

Vifurushi vya LUT, yaani majedwali ya kubadilisha rangi yaliyoandaliwa tayari, navyo visikutoe pesa ovyo. LUT iliyotengenezwa kwa S-Log3, mtindo wa kurekodi wa kamera za Sony unaotoa picha iliyofifia makusudi, ikiwekwa juu ya video ya kawaida, huunguza sehemu angavu na kukoleza kupita kiasi. Afadhali ununue kadi ya kijivu ya kusawazishia rangi. Irekodi kwa sekunde chache kila mwanga unapobadilika, na usiiache kamera ijipangie weupe yenyewe: ikibadilisha katikati ya klipu, marekebisho moja hayatatosha klipu nzima.