tinySA Ultra kwenye kazi ya kusaka mwingiliano wa ripita

Ripita, yaani kituo kinachopokea ishara ya redio na kuirusha upya, ikianza kufunguka yenyewe bila mtu kubonyeza, au vituo dhaifu vikawa vinakatika kila transmita inapowaka, wengi hukimbilia kununua tinySA, kichanganuzi kidogo cha mkononi kinachochora ishara za redio kwenye skrini. Ni kifaa kizuri kwa ukubwa wake, ila sikio lake, hasa la toleo la kwanza, ni zito kuliko la risiva unayotaka kuisaidia. Asiyelijua hilo atatangaza kuwa masafa ni safi huku ripita inazidi kuumia.

Hesabu yenyewe ni hii. Risiva ya VHF iliyo nzima hufunguka kwa takriban mikrovolti 0.2, yaani −121 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya ishara; namba ikizidi kushuka, ishara ni dhaifu zaidi). tinySA ya kwanza, RBW (upana wa masafa kinaopima kwa mara moja) ikiwa 30 kHz, sakafu yake ya kelele (kiwango ambacho chini yake ishara haionekani) iko karibu na −102 dBm. Ukishusha RBW hadi 3 kHz unavuna 10 dB, unafika −112, na bado kuna pengo la 9 dB kati yako na ripita. Ultra, toleo la baadaye, inashuka hadi RBW ya 200 Hz na ina LNA (kikuza ishara dhaifu) ya ndani inayokuza kwa karibu 20 dB, kwa hiyo pengo hilo inalifunika. Kwa ripita za UHF hakuna hata haja ya kubishana: toleo la kwanza hupokea juu ya 350 MHz kupitia tundu la pili lisilo na kichujio cha maana, na skrini hujaa ishara za mizimu. Kama ripita yako iko 430 MHz, hilo achana nalo.

Lakini LNA haichagui. Mnara wenye redio za FM za 88 hadi 108 MHz na mitambo ya watu wengine utaishindilia ishara nzito, nayo itaanza kuzichanganya humohumo ndani na kukuonyesha vilele ambavyo hewani havipo. Ndiyo maana kuichomeka moja kwa moja kwenye antena ya mnarani ni kujitafutia uongo. Chomoa kebo ya risiva kwenye dupleksa (kichujio kinachowezesha transmita na risiva kutumia antena moja), kisha chomeka tinySA kwenye tundu hilohilo la RX. Kaviti zake, yale makopo ya chuma yanayochuja masafa, zinakuwa kichujio chako, na unaona kile hasa ambacho risiva inakiona.

Hapo pana hatari moja ya kuua kifaa. Transmita ya wati 50 ni +47 dBm. Dupleksa yenye utengano wa 80 dB inakuachia −33 dBm, ambayo haidhuru. Dupleksa iliyopoteza mpangilio, ikabaki na 40 dB, inakuletea +7 dBm, na hapo unacheza na kifo cha tundu la mbele. Anza na pedi (kipunguza ishara) ya nje ya 30 dB, washa transmita, soma kiwango, ndipo uitoe. Halafu jua dupleksa yako ni ya aina gani: zile ndogo za kaviti sita za kuwekwa kwenye gari kwa kawaida hukata tu masafa ya transmita, mengine yote zinayapitisha, FM ikiwemo. Kwa hizo ongeza kaviti moja ya kupitisha masafa ya kuingilia, yaani yale ambayo ripita husikilizia.

Kabla ya kuamini kilele chochote, kijaribu. LNA ikiwa imewashwa, weka pedi ya 10 dB mbele ya kifaa. Ishara ya kweli hushuka 10 dB. Mchanganyiko wa daraja la tatu uliozaliwa ndani ya tinySA, ule wa 2A−B (mara mbili ya masafa ya ishara moja, kutoa ya nyingine), hushuka karibu 30 dB au hupotea kabisa. Jaribio hilo hilo lifanye kwenye risiva ya ripita, maana nayo huzaa michanganyiko yake.

Kwa kipimo chenyewe, weka masafa ya kuingilia katikati, span (upana wa masafa yanayoonyeshwa) 100 kHz, RBW 1 kHz, na max hold, inayobakiza kiwango cha juu kabisa kilichoonekana. Hifadhi mchoro transmita ikiwa imezimwa, kisha rudia ikiwa imewashwa. Sakafu yote ikipanda, ondoa antena na ufunge mzigo bandia (unaomeza nguvu badala ya kuirusha) kwenye tundu la antena la dupleksa. Mpando ukitoweka, tatizo liko juu: konekta iliyoingia maji, kizuia radi, au chuma chenye kutu kwenye mnara. Ukibaki, shuku dupleksa, kebo zinazovuja au kelele ya transmita yenyewe. Nundu pana inayotambaa polepole, transmita iwe imewashwa au la, mara nyingi ni pawasaplai ya swichi au taa ya LED. (Kuweka toni ya CTCSS, ambayo bila hiyo ripita haifunguki, kunanyamazisha dalili tu, kelele inaendelea kufunika vituo dhaifu.)

Kipengele kinachodharauliwa ni span sifuri, ambapo kifaa hubaki kwenye masafa mamoja na kuchora ishara kadiri muda unavyopita. Vilele vikijirudia kila milisekunde 10 kwenye umeme wa 50 Hz, au 8.3 kwenye wa 60 Hz, una cheche kwenye laini ya umeme. Udhaifu ni kwamba kifaa kinafagia, hakitazami masafa yote kwa pamoja. Mlio wa sekunde nusu unaweza kupita huku kikitazama kwingine. Max hold inasaidia kwa kiasi, mradi span iwe nyembamba.

Kwa kusaka kwa miguu, Yagi (antena ya kuelekeza) ya elementi 3 inatosha. Ukikaribia zima LNA, uongeze kipunguzi cha ndani hadi 31 dB. Ishara ikizidi bado, hamia harmoniki ya tatu, yaani masafa mara tatu: chanzo cha 145.000 MHz kitafute 435.000 kwa antena ndogo.

Kagua kifaa siku ya kwanza kwa self test, kebo ikiunganisha matundu ya CAL na RF, kwa kuwa nakala bandia zipo na nyingi huangukia hapo. Tumia betri yake, si chaja, ambayo nayo hupiga kelele. Kebo nene usiifunge kwenye SMA, konekta ndogo ya kifaa. Tumia kipande chembamba cha RG-316. Na beba redio ya mkononi: tundu la sauti la Ultra hutoa AM peke yake. Mlio wa cheche utausikia vizuri, ila mtu anayezungumza kwa FM hutamwelewa.