DVD zako: nakala kamili au faili lililobanwa?
Anayehifadhi DVD zake kwa programu huria huchagua kati ya njia mbili. GNU ddrescue huichukua diski nzima ilivyo, pamoja na menyu na manukuu, na diski ya tabaka mbili hula hadi GB 8.5; HandBrake nayo huibana filamu ikawa faili dogo linalochezwa hata kwenye simu, ingawa kompyuta kongwe huweza kuhangaika kwa saa kadhaa na ubora uliopotea haurudi. Kwa diski yenye mikwaruzo, ddrescue ndiyo ninayoiamini: huruka sehemu mbovu, huziandika kwenye faili la kumbukumbu, kisha huzirudia, hata kesho yake, bila kuanza upya. Huendeshwa kwa amri za kuandika, jambo linalowatisha wengi bure. Mwenye nafasi ya kutosha na diski zinazochakaa itamfaa hiyo; anayetaka kutazama safarini, HandBrake.