Uzoefu wangu na Google Drive: kabla ya kuuliza faili iko wapi, uliza ni ya nani

Google Drive, huduma ya Google ya kuhifadhi faili mtandaoni, nimeitumia na wenzangu kwa miaka saba. Sisi ni wafasiri sita, kila mmoja anafanya kazi akiwa kwake. Hatuna ofisi wala kabati la majalada, kwa hiyo folda za mtandaoni ndizo ofisi yenyewe. Naipenda huduma hii na sina mpango wa kuhama. Lakini kuna jambo ambalo sisi tulilijua mwaka wa nne, na ningependa kila anayefungua folda ya kikundi alijue siku hiyohiyo anapoifungua.

Mengine nitayapitia haraka kwa kuwa wengi mnayajua. Kushea folda ni rahisi: unaandika anwani ya barua pepe, unachagua kama mwenzako atakuwa mtazamaji, mtoa maoni au mhariri, basi. Watu watatu wanaweza kuandika kwenye hati moja kwa wakati mmoja bila kukanyagana. Utafutaji ni mzuri sana, hasa ukizoea kuandika amri fupi kama type:pdf au owner:me, au before: ikifuatwa na tarehe. Mimi siku hizi sifungui folda moja baada ya nyingine, natafuta tu.

Sasa niseme lililotupata.

Mwenzetu mmoja, mkongwe kuliko sisi wote katika kazi hii, ndiye aliyefungua folda ya istilahi tulipoanza. Humo alipakia daftari zake za miaka mingi, alizozipiga skani ukurasa kwa ukurasa: neno la kigeni kushoto, mapendekezo yake kulia, na pembeni kwa wino mwekundu sababu ya kulikataa neno fulani. Zile skani zilikuwa nzito. Akaunti ya bure inatoa GB 15, nazo zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Google Photos. Faili ikikaa ndani ya folda ya kikundi, nafasi inayoliwa ni ya mmiliki wake peke yake. Basi sisi watano tulikuwa na nafasi tele huku yeye akaunti imejaa pomoni, na nafasi ikiisha hata barua pepe haziingii.

Akafanya ambalo mtu yeyote angefanya. Akavitafuta vitu vikubwa, akavifuta, folda ya istilahi ikiwemo, akamwaga na tupio ili nafasi irudi mara moja. Alidhani, nasi tungedhani vilevile, kwamba folda ikishakuwa ya kikundi kila mmoja ana nakala yake, na anachofuta ni cha upande wake tu.

Asubuhi yake mmoja wetu akamwandikia: "Dada, ile folda ya istilahi siioni. Umeihamisha?" Nikafungua kwangu, haipo. Yule mkongwe aliponipigia simu sauti ilikuwa imemkauka.

Hivi ndivyo mambo yanavyokwenda, na nayaandika kwa urefu kwa sababu yangetuokoa. Kila faili ina mmiliki mmoja, naye kwa kawaida ni yule aliyeiunda au aliyeipakia, hata kama ameiweka ndani ya folda ya mtu mwingine. Mhariri akiondoa faili isiyo yake, inatoka kwenye folda lakini haifutiki, inabaki kwa mwenyewe. Mmiliki akiifuta, inakwenda kwenye tupio lake na kukaa siku 30. Akimwaga tupio kabla ya hapo, imekwenda kwa wote. Na folda ikifutwa, faili za wengine zilizokuwa ndani hazifi, ila hukosa pa kukaa. Zangu nilizipata kwa kuandika is:unorganized owner:me kwenye kisanduku cha kutafutia. Zilijitokeza arobaini na kitu, zikiwa zimetawanyika kama karatasi zilizopeperushwa na upepo. Kila mmoja wetu alifanya hivyo, tukazikusanya tena. Daftari za yule mkongwe, ambazo zilikuwa zake peke yake, hazikurudi. Bahati ni kwamba wawili wetu walikuwa wamepakua baadhi kwenye kompyuta zao, na daftari zenyewe za karatasi alikuwa bado anazo.

Baada ya hapo tulipanga upya kila kitu. Hatua kubwa ilikuwa kuhamia akaunti ya kulipia ya Google Workspace kwa ajili ya kitu kimoja: hifadhi za pamoja. Tofauti yake ni hii: faili iliyo humo ni mali ya kikundi, si ya mtu. Mtu akiondoka, alichoweka kinabaki. Ngazi za ruhusa nazo ni pana zaidi. Kuna msimamizi, kuna msimamizi wa maudhui, kuna mchangiaji anayeweza kuongeza na kuhariri lakini hawezi kufuta wala kuhamisha, kisha mtoa maoni na mtazamaji. Wengi wetu sasa ni wachangiaji, na hakuna aliyenung'unika.

Kama hamuwezi kulipia, fungueni akaunti moja ya kikundi na kila faili muhimu ipakiwe kutoka humo. Angalieni lakini: kumkabidhi mtu umiliki wa folda hakumkabidhi faili zilizo ndani yake. Hizo zinahitaji kukabidhiwa zenyewe, na kwenye akaunti binafsi anayepewa lazima akubali kwanza. Ni kazi ya jioni nzima, ifanyeni mapema.

Jambo la pili tulilobadilisha ni namna ya kugawa folda. Zamani tuligawa kwa mada. Lakini ruhusa hushuka: aliyepewa folda ya juu anaona kila kilicho chini yake. Ukiitupa faili ya malipo ndani ya folda ambayo mteja amealikwa, mteja anaiona. Kwa hiyo folda zetu za juu sasa ni tatu tu: ya sisi wenyewe, ya sisi na wateja, na ya kazi zilizokwisha. Mada zinaanzia ngazi ya pili. Faili ikihitajika sehemu mbili hatuinakili, tunaweka njia ya mkato inayoelekeza kwenye faili ileile, maana nakala mbili zikishaanza kuhaririwa kila moja kivyake hujui tena ipi ndiyo yenyewe.

Majina nayo. Tulikuwa tunaanza na jina la mwezi. Nenda ukapange miezi yetu kwa alfabeti uone: Agosti inatangulia, Aprili, halafu Desemba, na Septemba ndiyo inafunga. Mteja akitaka kazi ya Machi unashuka hadi kupita katikati, baada ya Juni. Sasa tunaandika mwaka, mwezi kwa tarakimu mbili, siku, kisha jina la kazi, kwa mfano 2024-03-18-mkataba. Zinajipanga zenyewe.

Toleo jipya la PDF hatulipakii kwa jina jipya. Tunafungua matoleo ya faili ileile na kupakia juu yake, na kiungo alichonacho mteja kinabaki kilekile. Toleo la zamani linahifadhiwa kwa siku 30 au hadi matoleo 100, isipokuwa ukichagua libaki daima. Sisi huchagua hivyo kwa kila rasimu iliyotiwa saini.

Kwa anayelinganisha huduma: Dropbox ya bure inatoa GB 2, na folda ya pamoja huko huhesabiwa kwenye nafasi ya kila mwanachama, si ya mmiliki peke yake. Kwa kikundi chenye skani nzito kama sisi, hilo lilitosha kutubakiza Drive.

Yule mwenzetu alizipiga skani daftari zake upya, mwezi mzima, safari hii ndani ya hifadhi ya pamoja. Wiki iliyopita nilifungua daftari la tatu kutafuta neno la kisheria lililonisumbua tangu asubuhi. Nikalikuta, na wino wake mwekundu pembeni.