Lenzi ya 10x kwenye meza ya kukagulia zabibu

Kwa anayekagua zabibu za mezani, yaani za kuliwa mbichi, zinazotoka nje, lenzi ya kukunja ya 10x (inayokuza mara kumi) yenye vioo vitatu ndiyo ya kununua. Zile zinazosifiwa kwa 30x ziache dukani. Ya 10x inakuachia nafasi ya milimita 25 hivi kati ya kioo na mdudu. Ya 30x milimita 8 tu, na kwa nafasi hiyo hufiki katikati ya kichala bila kuponda punje. Katikati ndiko wadudu waliko.

Shika kikonyo, pindua kichala, tenganisha punje kwa kidole, kisha mulika pale vikonyo vidogo vinapoungana na kile kikubwa. Vidung'ata wa Planococcus ficus, wadudu wadogo waliofunikwa na nta nyeupe, hujibana hapo. Jike mzima ana milimita 4 hivi na huonekana kwa macho, lakini watoto wake ni vitone vya manjano visivyofika nusu milimita. Mara nyingi kinachowafichua ni utomvu mtamu unaonata na ukungu mweusi juu yake. Usiudhanie unga wa nta wa zabibu yenyewe kuwa kidung'ata: nta imetandaa sawasawa, ya mdudu ina nyuzi na mabonge.

Zabibu zikitoka moja kwa moja kwenye ubaridi wa sifuri, kioo hufunga ukungu na wadudu hulala kama wamekufa. Weka sampuli ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto la chumba. Watakaoanza kutembea hawatatoroka.

Kwa utitiri Brevipalpus chilensis, tishio la zabibu za Chile, lenzi hii haitoshi. Ana milimita 0.3. Osha vichala kwa maji yenye sabuni kidogo, pitisha maji kwenye chujio lenye matundu ya mikroni 75 (milimita 0.075), utazame masalia kwa hadubini.

Ndani ya tunda nako lenzi inafika ukingoni. Yai la nzi Drosophila suzukii huacha nyuzi mbili nyeupe nje ya ganda, na 10x inazionyesha ukiinamisha punje kwenye mwanga. Likishaanguliwa, huna cha kuona. Minya punje zipasuke kidogo, ziloweke kwenye lita moja ya maji yenye gramu 70 za chumvi, na baada ya dakika 15 hadi 30 funza hutoka. Kiwavi wa nondo Lobesia botrana hujitambulisha mwenyewe kwa utando, tundu na kinyesi.

Umakini huu una hesabu yake. Vichala 600 vikichaguliwa bila upendeleo vinatoa uhakika wa 95% wa kukuta angalau kimoja chenye mdudu, ikiwa 0.5% ya shehena imeathirika, mradi kila kilichoathirika kitambuliwe. Mkaguzi anayetambua vinne katika vitano anashuka hadi 91%. Ili kurudi 95% atahitaji karibu vichala 750.