Trekta ya Massey Ferguson 135: maoni yangu kuhusu injini yake, na ikigoma uanzie wapi

Watu wengi wananiuliza kama Massey 135 ya zamani bado inafaa kununua au ni kujitafutia makazi gereji. Mi ninayo huku Babati, inalima mahindi na mbaazi na kuvuta tela, na jibu langu ni inunue. Naipa nyota 4 kati ya 5. Ila jua kitu kimoja kabla hujatoa hela: ikianza kusumbua, mara nyingi ugonjwa uko kwenye njia ya dizeli kati ya tenki na pampu, na hapo unaweza kuponya mwenyewe ukiwa shambani. Sasa mafundi wengi wakifika tu wanaanza kufungua pampu kubwa, ile inayopeleka dizeli kwenye silinda kwa presha, na hiyo ndo inayokula hela za wakulima bure.

Kwa wasioijua, hizi zilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi 1975, zikarithi nafasi ya Massey Ferguson 35. Zile 35 za dizeli za mwanzo kabisa zilikuwa na injini ya Standard silinda 4, kuiwasha asubuhi ya baridi ilikuwa shughuli pevu. 135 yetu ya dizeli ina Perkins AD3.152, silinda 3, lita 2.5, nguvu kama farasi 45 hivi. Injini rahisi mno, haina umeme wa ajabu, ikishawaka hata ukichomoa betri inaendelea kunguruma. Spea zake bado zipo kwa sababu Pakistani kule kiwanda cha Millat wameitumia injini hiyohiyo kwenye trekta ya MF 240, kwahiyo ukikosa kitu cha 135 uliza cha 240 upande wa injini.

Haya, tuje kwenye kusumbua kwenyewe. Jirani yangu yake ilikuwa inawaka vizuri asubuhi, inalima raundi kadhaa inaanza kupoteza nguvu, inazima, ukiiacha ipumzike inawaka tena kama haijawahi kuumwa. Fundi wa mjini akaja akasema pampu imekufa ishushwe, akataja na bei. Nilipoenda kuangalia nikakuta kifuniko cha tenki kilishapotea siku nyingi, wamefunga nailoni na kukaza kwa mpira wa tyubu. Hewa inaingilia wapi? Dizeli inavyopungua tenki linavuta utupu mpaka mafuta yanagoma kushuka. Nilifungua ile nailoni ikalia fyuuu, injini ikapigwa stata ikawaka, pampu haijaguswa mpaka leo. Kifuniko chenye tundu la kupumua basi, hicho ndo kilikuwa kinadaiwa.

Ndo maana nasema fuata dizeli hatua kwa hatua. Chomoa bomba linaloingia kwenye pampu ndogo ya kusukuma mafuta, ile ya ubavuni yenye kiwiko cha mkono, uone kama yanashuka kwa nguvu au yanadondoka tone tone, yakidondoka basi tenki lina kutu au taka chini. Alafu angalia filta, kile kikombe cha kioo chini yake kikionyesha maji mwaga yote. Ile pampu kubwa, ya CAV, inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili ya pembeni, kwahiyo maji au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaiua polepole bila wewe kujua. Nunua kituo unachokiamini na uchuje kabla ya kumimina, kwenye hili sitanii.

Ukishagusa filta lazima utoe hewa, na hapa ndo wengi wanakesha. Pampu kile kiwiko kwa mkono, ukiona kinacheza kirahisi hakisukumi kitu usidhani imekufa, zungusha injini kidogo maana kamu (ile nundu ya ndani ya injini inayokisukuma) imekisimamia, kisha jaribu tena. Legeza boliti juu ya filta mpaka povu liishe itoke dizeli tupu, kaza, nenda skrubu ya ubavuni mwa pampu kubwa, legeza hivyohivyo, kaza, kisha ile ya juu yake. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli (zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda), fungua mafuta mpaka mwisho, hakikisha waya wa kuzimia umerudi ndani, piga stata mpaka yatoke, kaza. Tumia spana za inchi jamani! Spana namba 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi lakini inacheza, kesho nati imeviringika huifungui tena.

Ikiwaka lakini inatetemeka, legeza nati ya bomba la nozeli moja moja injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma polepole. Silinda nzima ukiilegeza mlio unabadilika palepale, ile isiyobadilisha kitu ndo mgonjwa. Mkono kaa nao mbali na dizeli inayoruka, presha ile inatoboa ngozi na kuingia ndani, ni hatari kweli.

Moshi nao unasema. Mweusi wakati trekta haijabeba mzigo mkubwa, anza na kisafisha hewa cha oili, kwa vumbi letu la kiangazi ile oili inageuka matope haraka sana. Wa bluu inachoma oili, hapo ni ringi za pistoni au gaidi za valvu (mirija ambamo valvu zinapita) na pochi ijiandae. Mweupe asubuhi halafu unaisha, wa kawaida, mweupe usioisha huku maji ya rejeta yanapungua ni gasketi ya hedi.

Kitu ambacho watu hawakiangalii ni oili kuongezeka. Ukichomoa kijiti ukakuta oili imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, usifurahi, mpira wa ndani wa ile pampu ndogo umechanika au sili ya pampu kubwa imekwisha, dizeli inaingia kwenye oili. Usilime hata mstari mmoja, maana beringi za krenki zitaondoka. Hiyo mipira ya bei chee ya madukani naichukia kwa dhati, inakakamaa haraka, ongeza hela upate nzuri.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu hiyo ya spea feki na kwa sababu nyingi zinazouzwa zimeshachezewa. Kama unaenda kununua, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, shika injini uhakikishe ni baridi, ndo upige stata. Ikishapata moto fungua kifuniko cha kujazia oili, ukiona moshi unapuliza kwa nguvu pale, punguza bei ya ovahoo nzima (kufungua injini yote na kuitengeneza upya) au rudi nyumbani na hela yako.